Mwembe, Tezo na Mwanafunzi

Wazee wangu, mafundi mliokuja na tezo zenu za kuchongea, walimu na wanafunzi, nawasalimu.

Ninyi hamhitaji kuelezwa tofauti ya mtumbwi na ngalawa, wala kazi ya mirengu na ndubi, vile viungo vya pembeni vinavyoizuia ngalawa isipinduke. Kwa hiyo naingia moja kwa moja katika jambo ambalo nimelisema mara nyingi na sitachoka kulisema: ufundi wa vyombo vya mti hauhifadhiwi kwa kuweka chombo ndani ya jengo na kukiwashia taa. Huhifadhiwa siku chombo kinapovuja, kikavutwa pwani, na fundi akakifungua mbele ya kijana anayejifunza. Ukarabati ndilo darasa lenyewe.

Tazameni yaliyoupata mtepe, kile chombo cha kale cha mbao za kushonwa. Mwongozo wa mabaharia ulioandikwa kwa Kiyunani katika karne ya 1 unataja, katika kisiwa ulichokiita Menouthias, mitumbwi ya gogo moja na mashua za kushonwa, na unasema jina la bandari ya Rhapta latokana na kushona huko. Mitepe ya Lamu na visiwa vyake, iliyoshonwa kwa kamba ya makumbi pasipo msumari wa chuma na kusafiri kwa tanga la mkeka, ilitoweka katika nusu ya kwanza ya karne ya 20. Ulipoundwa mfano wake mkubwa uliowekwa katika jumba la Beit al-Ajaib kule Unguja, mafundi walilazimika kujifunza kwa vielelezo na maandishi, kwa kuwa hapakuwa na mzee wa kuwashika mkono. Kielelezo kinaonyesha umbo. Hakionyeshi kamba ivutwe kwa nguvu kiasi gani kabla tundu halijapigiliwa kijiti.

Miaka mingi iliyopita, katika kijiji kimoja cha wavuvi kusini mwa Pangani, nilikaa siku 4 na fundi aliyekuwa akichonga mtumbwi wa mwembe. Nje alikuwa amemaliza. Sasa alisimama ndani ya gogo, miguu ameipanua, akishusha tezo kwa mapigo mafupi, na vibanzi vibichi vikimrukia mapajani. Kila baada ya muda aliiweka tezo chini, akaupitisha mkono wa kushoto nje na wa kulia ndani, akatembea hivyo kutoka omo, yaani mbele, hadi tezi, yaani nyuma, kisha akagonga kwa vifundo vya vidole na kutega sikio. Nilimuuliza unene unaotakiwa ni inchi ngapi. Hakunijibu. Alimwita mjukuu wake wa miaka 12, akamwambia, “Gonga, unambie.” Mtoto akagonga mara tatu ubavuni, akasema, “Babu, hapa bado pazito.” Alipofika karibu na omo akagonga tena, akasema, “Hapa pamekwisha, pasiguswe.” Nikagonga pale pale alipogonga yeye, na pote pakanilia sauti moja. Nilikuwa na futi kamba mfukoni, na haikunisaidia chochote.

Jioni ya siku ile ililetwa mashua ya jirani iliyokuwa ikivuja. Babu hakuigusa. Alimpa mtoto patasi ya kalafati, ya kuzibia nafasi kati ya mbao, akamwamuru atoe pamba kuukuu kiungo kwa kiungo, apachike mpya iliyochovywa mafuta, naye akawa anasikiliza mapigo tu. Mara mbili alisema, “Umejaza mno, utaachanisha mbao,” na mara mbili mtoto alifungua na kuanza upya. Wengine wenu mmeshaisikia habari hii kwangu. Naomba mniwie radhi, kwa sababu kila ninapokaa na watu wa mipango huambiwa kwamba tumekwisha kuuhifadhi ufundi, maana umepigwa picha.

Atakuwapo wa kuniambia kwamba wakati wa mbao umepita, kwamba faiba, yaani nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa gundi, haiozi wala haidai msitu. Ni kweli haiozi. Lakini nimeona boti za faiba, zilizogawiwa na mradi mmoja, zimelala kifudifudi mchangani kwa sababu ya ufa usiozidi urefu wa kiganja, maana walioleta boti hawakuacha gundi wala mtu wa kuziba. Na mashua ya Flipflopi, iliyoshushwa majini Lamu mwaka 2018, iliyoundwa kwa plastiki iliyookotwa na kuvikwa vipande vya ndara za rangi, iliundwa na nani? Iliundwa na mafundi wa majahazi, akiwamo Ali Skanda, kwa mkono ule ule unaojua mkuku, uti wa chini wa chombo, unalazwa vipi na mataruma, mbavu zake, yanasimama wapi. Anayesema plastiki imeondoa haja ya fundi hajaitazama mashua ile kwa karibu.

Mti nao. Mwembe wa kupandikizwa huzaa mapema, lakini hutawanya matawi karibu na ardhi. Mwembe wa mbegu, ule wa wazee, ndio wenye shina refu la kutoa mtumbwi, na ndio unaoishia kuwa kuni na mkaa. Simlaumu mwenye shamba, ana watoto wa kulisha. Nataka vijiji vya pwani vitenge mahali pa miembe ya mbegu. Wenzetu wa Lamu wanakumbuka zuio la ukataji miti la mwaka 2018 lilivyowafungia mikoko. Msitu ulindwe, lakini fundi aitwe kwenye kikao kabla ya amri kutoka.

Nilikusudia kuzungumzia vyeti vya mafundi na majina ya viungo vya chombo yanayosahaulika, lakini muda umenipita. Nabakiza ombi moja. Kijana wa bodaboda hurudi nyumbani jioni na fedha, na mwanafunzi wa tezo hurudi na malengelenge. Kwa hiyo kila makumbusho, hoteli au idara inayolipia ukarabati wa chombo cha mti iandike ndani ya mkataba wanafunzi wawili wenye posho, tangu siku ya kuvuta chombo hadi siku ya kukishusha.

Nje, chini ya mkungu, kuna gogo la mwembe lililoanza kuchongwa jana. Fundi ameniahidi kwamba atawaacha vijana wagonge. Tafadhali wao watangulie kutoka.