Wati Mia Moja za Mwili

Ndugu zangu, hapo mlipokaa tu, kila mmoja wenu anatoa joto la wati 100 hivi. Si miujiza. Mtu anayekula kilokalori 2,000 kwa siku, nishati hiyo ukiigawa kwa sekunde za mchana na usiku, unapata karibu wati 97. Mbona basi simu zinatuzimikia mfukoni?

Mwaka 1821 mwanafizikia Thomas Seebeck aliunganisha metali mbili tofauti, akapasha moto kiungo kimoja, na sindano ya dira iliyokuwa karibu ikageuka. Umeme ulikuwa unapita, ingawa mwenyewe alidhani ni usumaku tu. Kanuni haijabadilika: upande mmoja uwe moto, wa pili baridi. Sasa ngozi ina nyuzi 34 hivi, na hewa tuseme 24. Kwa tofauti hiyo ya nyuzi 10, fizikia inaruhusu kiasi cha asilimia 3 tu ya joto kugeuka umeme, tena kwa mashine kamilifu ambayo hakuna aliyewahi kuiunda. Kifaa halisi kinachovaliwa mkononi huambulia makumi ya maikrowati kwa sentimita ya mraba, na maikrowati ni wati moja iliyogawanywa mara milioni.

Tupige hesabu. Bangili ya sentimita za mraba 10, kila moja ikitoa maikrowati 20, inakupa maikrowati 200. Betri ya simu ni wati-saa 15 hivi, yaani wati 15 kwa saa nzima. Utaivaa saa 75,000 ndipo simu ijae. Hiyo ni miaka minane na ushee! Mnacheka, lakini matangazo ya bangili za namna hiyo mtayaona.

Mwendo wa misuli unatoa zaidi kuliko joto la ngozi. Mwaka 2008 mtafiti Max Donelan na wenzake walionyesha kifaa cha kufungwa gotini, kimoja kila mguu, vyote viwili vikitoa wati 5 hivi mtu akitembea. Ujanja wao naupenda: kinavuna pale mguu unapopunguza mwendo kabla ya kukanyaga, misuli ikiwa inafunga breki, hivyo mwendaji hachoki sana. Saa tatu za kutembea zingetosha simu. Ila kila kimoja kilikuwa na kilo 1.6. Mimi ningebeba betri ya akiba.

Kwa hiyo mimi siulizi tena mwili utoe umeme mwingi kiasi gani. Nauliza kifaa kinahitaji kidogo kiasi gani. Saa ya mkononi huridhika na maikrowati chache. Kampuni ya saa ya Seiko walitoa moja inayoendeshwa na joto la mkono mwaka 1998. Na kuna kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo, ambacho betri yake ikiisha baada ya miaka kadhaa, mgonjwa hupasuliwa tena. Mwaka 2014 watafiti walibandika utando mwembamba, unaotoa umeme ukikunjwa, juu ya mioyo ya ng'ombe na kondoo. Kila pigo la moyo likawa linazalisha umeme.

Haya, maswali. Naona mkono kule nyuma.