Bwana na Bibi Andrews ndani ya kitenge

Mabibi na mabwana, itazameni kwanza picha hii. Thomas Gainsborough aliichora Uingereza mnamo 1750 hivi, kwa rangi za mafuta. Leo imetundikwa National Gallery, London. Huyo mwenye bunduki kwapani ni Robert Andrews. Mkewe Frances kaketi kwenye benchi na gauni lake la buluu, mbwa naye yupo. Kisha kulia kwao miganda ya ngano, malisho, miti, mpaka macho yanachoka. Karibu nusu ya picha ni shamba, na shamba ni lao. Picha ilichorwa ili tulijue hilo.

Mwaka 1998 msanii Yinka Shonibare, mzaliwa wa London aliyekulia Lagos, aliwatoa wanandoa hawa ukutani. Akasimamisha sanamu kama zile za maduka ya nguo, akaziwekea benchi, bunduki na mbwa. Mshono ni uleule wa karne ya 18. Kitambaa ndicho kimegeuka, ni kitenge. Vichwa hawana, kwani Shonibare aliwatania mabwanyenye kwa kuikumbuka gilotini ya Ufaransa, mashine iliyowakata mabwanyenye vichwa wakati wa mapinduzi.

Kwa nini kitenge? Alipokuwa mwanafunzi wa sanaa, mwalimu wake alimwuliza mbona hafanyi kazi za Kiafrika halisi. Swali lile lilimkera, na nisingemlaumu. Akaenda soko la Brixton, palepale London, akagundua asili ya vitambaa vile: katika karne ya 19 Waholanzi waliiga kwa mashine batiki ya kisiwa cha Java, yaani kitambaa kinachopakwa nta ili rangi isipenye palipopakwa, na soko kubwa wakalipata Afrika Magharibi. Mliovaa vitenge humu ukumbini, hebu viangalieni kwa karibu. Vingi vina vimistari vyembamba kama nyufa. Nta ilipasuka, rangi ikapenya. Ilikuwa kasoro, wateja wakaipenda, na sasa hata vya bei nafuu huchapwa nyufa za makusudi.

Wengi huzungumzia vichwa. Mimi naona pigo kubwa liko kwingine: Shonibare hakuweka shamba. Ngano hakuna, malisho hakuna, wamebaki kwenye sakafu tupu ya jumba la maonyesho. Robert bila ardhi yake ni mwanamume tu aliyeshika bunduki, na utajiri pekee uliobaki wa kuutazama ni nguo aliyovishwa, iliyotoka sokoni Brixton.

Karibuni maswali.