Afya ya Akili ya Mhudumu Huanzia Kwenye Ratiba ya Zamu

Ndugu mameneja na wasimamizi, asanteni kwa kunikaribisha. Mmeniomba nizungumzie afya ya akili ya wahudumu wa hoteli na migahawa. Nitaanza na ile karatasi mnayoibandika ukutani kila wiki.

Mhudumu anayefunga baa saa 8 usiku na kutakiwa kufungua saa 12 asubuhi hajalala. Anayehudumia chakula cha mchana, akasubiri bila malipo, kisha akarudi kwa chakula cha usiku, siku yake yote imekwenda. Na anayezijua zamu zake jioni ya kuamkia wiki mpya atampelekaje mtoto kliniki? Usingizi ukivurugika hivyo kwa miezi, wasiwasi na sonona hupata mlango.

Mkataba namba 172 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1991, ulitungwa mahususi kwa hoteli na migahawa. Unataka mfanyakazi ajulishwe ratiba mapema kila inapowezekana, apate kupanga maisha yake na ya familia. Unataka pia awe na mshahara wa msingi unaolipwa kwa wakati, iwe amepata bakshishi au la. Mimi naliona hilo la bakshishi kuwa suala la afya ya akili moja kwa moja. Anayeitegemea ili ale atamkemea vipi mgeni anayemshika kiuno? Atatabasamu, na lile tabasamu litamla ndani.

Mwaka 1983 mwanasosholojia Arlie Hochschild, aliyewachunguza wahudumu wa ndege, alionyesha kwamba kuzimudu hisia zako ili mteja aridhike ni kazi kamili. Kazi huchosha, kwa hiyo inahitaji mapumziko. Mgeni akimtukana mhudumu, msimamizi aende mezani yeye mwenyewe, na mhudumu atolewe ukumbini apumue. Kumwambia "mteja ni mfalme" wakati huo ni kumtupa.

Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya magonjwa iliyopitishwa mwaka 2019, linauelezea uchovu mkubwa wa kazi kuwa matokeo ya msongo wa kazini wa muda mrefu usiodhibitiwa. Halikuuita ugonjwa. Kwa hiyo semina ya kupumua kwa utulivu, zamu zikibaki zilezile, haitoshi.

Pombe nayo. Msiifanye zawadi ya kumaliza zamu ngumu, maana wapo wanaoinywa ili walale.

Na mkiona mtu amebadilika, amejitenga, anasema hana faida kwa yeyote, mketi naye faraghani. Mkihofia anafikiria kujiua, mwulizeni waziwazi. Kuuliza hakumpandikizii wazo hilo. Mara nyingi humpa nafasi ya kusema. Akikubali, msimwache peke yake. Msindikizeni kwa mtaalamu siku hiyohiyo, na mtu mwingine ashike zamu yake bila yeye kukatwa mshahara.