Punda mmoja, nyumba tatu

ZUHURA: Haya jamani karibuni, mi Zuhura, na Baraka huyu hapa. Leo ndo ile mada mliyoiomba, misaada ya kuwainua kiuchumi akina mama wa jamii za wafugaji, nimeandika mambo matatu ya kujifunza, yako hapa kwenye daftari.

BARAKA: Kabla ya hayo matatu, ile voisi uliyonitumia juzi usiku, dakika saba nzima, nilichoshika ni punda tu. Punda kafanyaje?

ZUHURA: Basi ngoja nianzie hapo. Wiki hii nilikuwa Longido, kule umasaini mkoa wa Arusha, nimefuatana na watu wa mradi mmoja wa shanga, siutaji. Mkutano wa kikundi umepangwa saa tatu asubuhi, akina mama wanafika saa saba mchana, na mgeni wa mfadhili kashaandika kwenye ripoti yake "mwitikio mdogo". Nikakaa na yeyo mmoja, yeyo ni mama kwa Kimaa, chini ya mgunga, yeye anaongea Kimaa, binti yake ananitafsiria, nikamuuliza mama vipi leo? Akasema punda ni mmoja, nyumba ni tatu, na leo haikuwa zamu yangu.

BARAKA: Aisee.

ZUHURA: Kesho yake nikaamka nao alfajiri. Punda anabeba madumu manne, mawili huku mawili huku, mgongoni kawekewa gunia limekunjwa asichubuke, na kila tukisimama yeyo anaingiza mkono chini ya gunia anapapasa taratibu, anatafuta palipoanza kuwa na joto. Hasemi kitu, anapapasa tu, halafu anasogeza kamba kidogo. Sasa jirani yake asiye na zamu, dumu la lita 20 liko mgongoni, kamba imepita kwenye paji la uso, hizo ni kilo 20 na kila dumu linataka safari yake. Huyo ndo tunamwambia awahi semina ya ujasiriamali!

BARAKA: Na wahenga wanasema asante ya punda ni mateke.

ZUHURA: Huyu hakupiga teke hata moja Baraka, mwambie kila mtu.

BARAKA: Sawa, somo la kwanza.

ZUHURA: Somo la kwanza ni umiliki. Kwa Wamaasai ng'ombe ni wa mume, maziwa ya mke, na nyumba anaijenga mke kwa mikono yake. Kwa hiyo mradi ukija na mbuzi ukasema nimempa mama, mbuzi anaingia zizini, na zizi lina mwenyewe, siku ya mnada anayeshika hela ni nani? Ila punda...

BARAKA: Tumerudi kwa punda.

ZUHURA: Tumerudi, maana punda ndo mnyama anayemfanyia kazi mwanamke moja kwa moja, maji, kuni, kuhama boma, na kwenye maandiko ya miradi simwoni! Na unajua Wachina wana dawa inaitwa ejiao, inatengenezwa kwa ngozi ya punda, ile biashara ilivyoingia Afrika punda wakawa wanachinjwa na kuibwa usiku, anayeamka asubuhi hana punda ni mama. Ikafika mahali Februari 2024 wakuu wa nchi wa Umoja wa Afrika wamekaa Addis Ababa wakaipiga marufuku kwa miaka 15. Marais wamemjadili punda, mfadhili wa shanga hajamuuliza mtu.

BARAKA: Sasa hapa sikubaliani na wewe, na nasema kwa moyo wote. Ukimpa mama punda umemwambia kazi ya maji ni yako milele, ila sasa utaifanya haraka kidogo. Hela hiyo ingevuta bomba. Maji yametolewa Siha, Kilimanjaro, yakafika Longido mjini, yasogezwe bomani. Mama akipata bomba ndo mpe mtaji.

ZUHURA: Bomba linafika lini? Mwaka gani? Na likipasuka fundi anatoka wapi? Punda anaanza kazi kesho.

BARAKA: Punda anaumwa, punda anaibwa, umesema mwenyewe.

ZUHURA: Na bomba linakauka! Kiangazi cha 2022 mifugo imekufa kule, usiniambie habari ya bomba.

BARAKA: Mi mama yangu kachota maji miaka yote Zuhura, hakuhitaji mnyama wa kumsaidia kuchoka, alihitaji maji yawe mlangoni. Hapo sitoki.

ZUHURA: Na mi nimemwona yule mama na kamba kwenye paji. Sitoki.

(kimya)

BARAKA: Somo la pili?

ZUHURA: La pili ni mikopo ya halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato yao ya ndani, nne wanawake, nne vijana, mbili wenye ulemavu, haina riba, ilisimamishwa 2023 ikarudi 2024. Shida ni kikundi kiwe na katiba, kiwe na akaunti benki, makaratasi yote Kiswahili na yule yeyo Kiswahili hakijui, inabidi amtegemee binti yake, na binti naye...

BARAKA: Dakika mbili zimebaki.

ZUHURA: Hee! Na somo la tatu, VICOBA, vile vikundi vya kuweka na kukopa, sijagusa, kisanduku cha kufuli tatu, funguo kwa watu watatu...

BARAKA: Haviingii.

ZUHURA: Basi mikopo na VICOBA vihamie wiki ijayo, daftari nalifunga. Ila nyie mlioko Longido na Namanga, tutumieni bei ya punda jike mnadani wiki hii, nataka nijue kwa kile kikundi punda wawili ni shilingi ngapi.

BARAKA: Na bei ya mita moja ya bomba, watume pia.

ZUHURA: Watume zote.