Macho ya Dereva Kwenye Kona: Mhadhara Uliotolewa Mbeya

Wazee wetu, walimu wenzangu, wanafunzi, na hasa ninyi madereva na utingo mliokubali kuegesha magari ili mnisikilize, asanteni kwa kuja. Mliopanda kutoka Iringa, kamwene.

Nawaomba kila mmoja anyooshe mkono mbele yake, ainue kidole gumba, autazame ukucha. Eneo dogo kama hilo, nyuzi 2 hivi za upeo wote, ndilo jicho linaloliona vizuri kabisa. Kwingine kote tunapata maumbo hafifu na vitu vinavyotembea. Tunaamini tunaiona barabara yote kwa mpigo kwa sababu jicho halitulii. Linaruka, linatua, linaruka tena, kama mara tatu kwa sekunde moja. Likitua mahali hukaa milisekunde 200 hadi 300 tu. Na linaporuka, ubongo haupokei karibu chochote. Leo usiku simama mbele ya kioo, tazama jicho lako la kushoto kisha la kulia: hutayaona macho yakisogea hata mara moja. Aliye kando yako atayaona.

Kuipima miruko hiyo hakukuwa rahisi. Mwishoni mwa karne ya 19, Mmarekani Edmund Huey alibandika kikombe kidogo cha plasta juu ya jicho la msomaji, kikiwa na kijiti cha kuchora mwendo wake. Siku hizi hakuna anayeguswa. Mtu humulikwa kwa mionzi ya infraredi asiyoweza kuiona, kamera ikanasa katikati ya mboni pamoja na nukta ya mwanga inayorudi kutoka kwenye konea, yaani utando angavu wa mbele ya jicho. Akishatazama alama chache kwenye skrini, kompyuta inajua macho yake yanaelekea wapi. Ipo pia miwani yenye kamera hizo, na mtu huivaa akiwa nyuma ya usukani.

Miaka ya 1960 Mrusi Alfred Yarbus aliwaonyesha watu mchoro wa Ilya Repin: mwanamume anaingia nyumbani ghafla, familia imeshtuka. Mchoro ni uleule, swali ndilo lilibadilika. Mtu akiulizwa familia hii ina hali gani kimaisha, macho yalikwenda kwenye samani na mavazi. Akiulizwa umri wao, yalihamia kwenye nyuso. Mimi naiona hii kuwa ndiyo nguzo ya elimu yote hii ya mwendo wa macho: jicho hutumwa. Linakwenda kule ambako akili imelituma.

Sasa tuje barabarani, maana ndiko nilikotaka kufika. Mwaka 1994 Michael Land na David Lee walipima macho ya madereva kwenye barabara nyembamba yenye kona nyingi mjini Edinburgh. Sekunde 1 hadi 2 kabla ya kila kona, dereva alitupa macho kwenye ukingo wa ndani wa kona, pale unapoonekana kuchomoza zaidi, na akawa anarudia hapohapo akikata kona. Watafiti wengine baadaye walibisha, wakasema dereva hutazama zaidi njia atakayopita kuliko ukingo wenyewe. Hata hivyo wote wanakubali kwamba macho hutangulia mikono. Anayeshuka mteremko wa Kitonga, ukuta wa mlima upande mmoja na bonde upande wa pili, anaendesha kwa kile alichokitazama sekunde moja iliyopita. Kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa, sekunde hiyo ni karibu mita 17. Akiinamia simu kwa sekunde 2, ameshapita mita 33 bila macho.

Lakini je, macho yakiwa barabarani tuko salama? Hapa nawaomba mnisikilize kwa makini. Mwaka 2013 watafiti wa Marekani waliweka picha ya sokwe ndani ya picha za mapafu, wakawapa madaktari 24 bingwa wa radiolojia watafute vivimbe. Madaktari 20 hawakumwona sokwe. Kamera iliyofuata macho yao ilionyesha kwamba wengi wa hao 20 walimtazama mahali alipo hasa. Walikuwa wametumwa kutafuta vivimbe, na sokwe si kivimbe. David Strayer na wenzake walikuta jambo la aina hiyo kwa madereva wanaoongea na simu bila kuishika mkononi: macho yao yalitua kwenye mabango ya njiani, lakini walipoulizwa baadaye walikumbuka machache kuliko wenzao wasiokuwa na simu. Kwa hiyo abiria anayempigia dereva simu akijisemea kuwa "ana spika, hana shida" anamwibia kitu ambacho kamera haiwezi kukionyesha.

Na wanaojifunza? Tangu mwaka 1972 Mourant na Rockwell walionyesha kwamba dereva mpya hutazama karibu mno na boneti, na vioo huvitazama mara chache kuliko mzoefu. Hana uvivu wala ukaidi. Hajui bado cha kutafuta. Ndiyo maana sipendi kuona mafunzo ya udereva yanayoishia kwenye gia na breki. Mwanafunzi akipelekwa kwenye mteremko wa Iwambi au Mlima Nyoka, mwalimu amwambie atafute nini: lori lililowasha hazadi kule mbele, matawi yaliyotandazwa barabarani, bodaboda inayochungulia kutoka njia ya vumbi, mtoto aliyesimama kando ya mahindi. Amwambie kabla hawajafika.

Nimesema vya maabara, na maabara hizo nyingi ziko mbali na hapa. Kwa hiyo maswali yaanzie kwenu madereva, na la kwanza nawauliza mimi: ukungu wa milima ya Uporoto ukifunga kabisa, ukingo wa kona hauonekani, macho yenu mnayatuma wapi?