Salamu kutoka Kiruna: kaskazini inayolisha nchi nzima

Ndugu zangu wa Arua, Nebbi, Koboko, Gulu, na ninyi mliohamia Kampala, hamjambo? Niko Kiruna, kaskazini kabisa mwa Uswidi, na baridi ya huku inauma hadi kwenye meno.

Tazameni nyuma yangu. Hiyo treni ina mabehewa 68, na kila behewa hubeba kama tani 100 za madini ya chuma. Inakwenda bandari ya Narvik, Norwe. Hiki nilichoshika kimedondoka kando ya reli: kidonge cheusi, mviringo kama goroli. Glavu yangu imeshachafuka.

Kaskazini hii ni zaidi ya nusu ya ardhi ya Uswidi, lakini katika kila Waswidi kumi, hata wawili hawaishi huku. Zamani palikuwa malisho ya Wasami, wenyeji wa huku wanaofuga reindia, aina ya kulungu wa nchi za baridi. Reli ya Narvik ilipofunguliwa mwaka 1903, chuma kikaanza kumiminika, na pesa zikateremka kusini. Hitler naye alikitaka kwa viwanda vyake: Wajerumani walipoivamia Norwe Aprili 1940, Narvik ilivamiwa siku ile ile ya kwanza.

Mgodi wa chuma wa hapa Kiruna bado unakula ardhi. Usiku, baada ya saa saba, baruti hulipuliwa chini huko, na ardhi hutikisika ukiwa kitandani. Mji wenyewe unahamishwa kwa sababu ardhi inabonyea. Agosti 2025 kanisa la mbao la mwaka 1912, tani 672, lilipakiwa zima zima kwenye magari na kusafirishwa kilomita tano.

Lakini jambo lililonifanya niwashe kamera leo ni umeme. Mabwawa makubwa ya Uswidi yako huku, na waya zinateremka kusini. Tangu Novemba 2011 nchi imegawanywa kanda nne za bei, na mara nyingi kaskazini, unakozalishwa, umeme ni rahisi kuliko kusini. Hilo nalipenda sana. Ila msidhani kila kitu ni haki: bwawa la Suorva lilizamisha makazi ya Wasami, likaongezwa kimo, wakahama tena. Na kodi ya mabwawa inaingia hazina ya Stockholm, wilaya hazipati.

Sisi wa West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda, tunaijua habari hii. Mkoloni hakuwa na haraka ya kutuletea mazao ya biashara. Aliwataka vijana wetu wakakate miwa kusini, Kakira na Lugazi, au waingie KAR, jeshi la kikoloni la Waingereza. Bwawa la umeme la Owen Falls, kule Jinja, liliwashwa mwaka 1954, na bado Arua tuliishi miaka na miaka kwa kelele za jenereta na kituo kidogo cha umeme cha Nyagak. Halafu wanatuambia tuko mbali. Mbali na nani? Miwa ile ilikatwa na babu zetu.

Sasa bwawa la umeme la Karuma limezinduliwa tangu Septemba 2024, megawati 600, maji ya Nile yetu wenyewe. Waliokaa karibu na mitambo wana haki ya kuwa wa kwanza kupata umeme huo, na kwa bei nafuu. Nasema hivyo wazi, na wabunge wetu wanisikie.

Ninyi wa Oyam na Kiryandongo, majirani wa Karuma, niandikieni hapo chini: nguzo zimefika hadi kijijini kwenu? Na yuniti moja mnalipa shilingi ngapi?