Haki ya Ndugu Kuomba Mgonjwa Aangaliwe Upya

Mheshimiwa mwenyekiti, wahudumu wa afya mliotuheshimu kwa kufika, wazee wetu, na ndugu zangu mliotoka Tandahimba, Newala, Masasi na hapa Mtwara mjini, nawasalimu nyote. Wengi wenu mmefiwa, na baadhi yenu mmekuja na jambo ambalo hamjapata pa kulisema: mlimwona mgonjwa wenu akibadilika, mkamweleza aliyekuwa zamu, mkaambiwa msubiri.

Hoja yangu ni moja. Zipo familia zilizofiwa ambazo zimefanikiwa kubadili huduma za afya katika nchi zao, na hazikuishia kudai huduma bora kwa ujumla, kwa kuwa dai la namna hiyo kila kiongozi hulikubali na hakuna anayewajibika nalo. Zilidai utaratibu unaoweza kubandikwa ukutani, ukafuatwa hata usiku wa manane, na ukakaguliwa mwisho wa mwezi.

Mwaka 2007, katika jimbo la Queensland nchini Australia, mtoto Ryan Saunders alifariki akiwa amekaribia kutimiza miaka mitatu. Alikuwa na maambukizi ya bakteria ambayo hayakutambuliwa mapema, na wazazi wake, waliokuwa wakimwona akizidiwa, walihisi kwamba wasiwasi wao haupewi uzito. Kutokana na msiba huo jimbo lilianzisha, mwaka 2013, Kanuni ya Ryan, yenye ngazi tatu. Ndugu humweleza kwanza muuguzi au daktari. Asiporidhika, humwendea muuguzi kiongozi wa zamu. Na asiporidhika bado, hupiga simu kwa namba maalumu na kuomba mgonjwa aangaliwe upya na mtaalamu mwingine. Uingereza nayo ina Kanuni ya Martha, iliyoanza kutekelezwa hospitalini mwaka 2024. Martha Mills, binti wa miaka 13, aliumia kongosho baada ya kuanguka na baiskeli, akapata maambukizi yaliyosambaa mwilini kupitia damu, akafariki mwaka 2021. Uchunguzi rasmi wa kifo chake ulibainisha kwamba huenda angepona kama angehamishiwa mapema chumba cha wagonjwa mahututi. Mama yake, Merope Mills, aliandika na kusema hadharani hadi serikali ikasikia.

Msidhani kwamba hayo ni mambo ya nchi tajiri tu. Katika wodi zetu, ambako muuguzi mmoja huweza kuhudumia wagonjwa wengi kwa zamu nzima, anayemgeuza mgonjwa, anayemlisha na kumwaga mkojo wake ni ndugu yake. Kwa hiyo ndugu ndiye anayewahi kuona kwamba mkojo umepungua, pumzi zimekuwa za haraka, mikono na miguu imepoa ingawa mwili una homa, mgonjwa anaongea maneno yasiyoeleweka, au mtoto amelegea na hataki kunyonya. Hizo ni dalili za hatari za maambukizi yaliyosambaa mwilini, na huku Kusini, ambako homa yoyote huhesabiwa kwanza kuwa malaria, ni rahisi mno zikapita bila kushtukiwa. Kumwondoa ndugu huyo mlangoni bila kumsikiliza ni kupoteza taarifa ambayo hakuna kipimo cha maabara kitakachoirudisha kwa wakati.

Najua pia kwamba kuna zahanati ambako usiku anabaki mhudumu mmoja, naye hana mwenzake wa kumwita. Nawaheshimu sana wahudumu hao, na sidai kwamba wabebe mzigo usiobebeka. Kwao, ngazi ya pili inapaswa kuwa simu kwenda kituo cha afya au hospitali ya wilaya, na ya tatu iwe rufaa yenye usafiri. Hilo linawezekana, kwa sababu tayari tunao mfumo wa m-mama, ambao kwa namba 115, bila malipo, humtafutia usafiri wa dharura mjamzito, mama aliyejifungua au mtoto mchanga, kwa gari la wagonjwa au kwa dereva wa jamii. Lakini mtoto wa miaka mitatu anayezidiwa usiku kijijini hayumo katika makundi hayo, na mimi naona hapo ndipo familia zetu zinapopaswa kuelekeza nguvu.

Mlango wa kuanzia upo. Kila kituo cha serikali kina kamati ya usimamizi ambayo wananchi ni wajumbe wake. Mwenye malalamiko dhidi ya daktari au muuguzi anayo mabaraza ya taaluma zao, na sitaki kumzuia yeyote kwenda huko. Kamati ya kituo ipelekewe maombi ya aina nyingine: tangazo la Kiswahili wodini linalotaja dalili za hatari na mtu wa kuitwa, namba ya simu ya muuguzi kiongozi wa zamu, na daftari linaloonyesha saa ambayo ndugu aliomba mgonjwa aangaliwe upya, nani alifika, na alifika saa ngapi. Andikeni barua, wasaini watu wa vitongoji vyote vinavyotumia kituo hicho, nakala abaki nayo mwandishi, kisha katika kila kikao cha kamati mwombe daftari hilo lisomwe mbele ya wajumbe.